Mwani hauli oili chafu, huwapa pumzi wanaoila

Ndugu Mhariri,

Tangu mchapishe makala iliyosema kwamba unga wa mwani mdogo husafisha maji yenye mafuta, hata ya baharini, wenye gereji na wenye sehemu za kuoshea magari hapa Dar es Salaam wanauliza swali lile lile: huo unga wa mwani unauzwa wapi, na kilo bei gani? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Anayeuliza bei ya unga ameshaamini kwamba kuna kitu cha kununua, kumwaga kwenye mtaro mweusi, kisha kwenda zake. Kitu hicho hakipo. Kazi yenyewe ipo, na jua letu linaifaa sana, ila mwani huingia mwishoni, mafuta karibu yote yakiwa yameshatolewa kwa njia za kawaida kabisa.

Tuanze na jina, maana msomaji wa Pwani akisikia mwani anauona ule wa Paje na Jambiani, Zanzibar, unaofungwa kwenye kamba na kuanikwa. Si huo. Huu ni wa chembe moja moja, kama Chlorella na Scenedesmus, na kila chembe ina upana wa mikroni chache tu, yaani sehemu chache kati ya elfu za milimita moja. Hutaiona chembe moja kwa jicho. Lakini ukikuta maji ya tangi lililoachwa wazi yamegeuka kijani kama maji ya mchicha uliochemshwa, hapo umewaona kwa mabilioni.

Mwani huu hauli mafuta, au hula kidogo mno. Walaji ni bakteria. Kwao mafuta ni chakula, lakini chakula chenye kutaka pumzi nyingi: kuvunja gramu 1 ya dizeli mpaka iwe maji na kaboni dioksidi kunahitaji gramu 3.5 hivi za oksijeni. Maji ya nyuzi 30 yaliyotulia hayawezi kubeba zaidi ya gramu 7.5 za oksijeni katika lita 1,000. Kwa maneno mengine, lita elfu nzima ina pumzi ya kumaliza gramu 2 za dizeli, nusu kijiko cha chai. Pumzi ikikatika, bakteria hao husimama, na nafasi yao huchukuliwa na wale wa uvundo, wenye kutoa harufu ya yai viza. Hapo ndipo mwani unapoingia. Mchana hutengeneza oksijeni ndani ya maji yenyewe, si ya kusubiri ishuke kutoka hewani, na bakteria huurudishia kaboni dioksidi pamoja na vitamini ambazo aina nyingi za mwani haziwezi kujitengenezea. Ni ndoa, na mmoja akiondoka nyumba inavunjika.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Ghuba. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Kuwait, mamilioni ya mapipa ya mafuta ghafi yaliingia baharini na kutapakaa kwenye fukwe za Saudi Arabia. Muda si mrefu mikeka ya rangi ya kijani-buluu ikatanda juu ya ile lami, na ikaandikwa kwamba bahari imeanza kujitibu. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini watafiti walipoitenga sianobakteria, yaani kiumbe cha kijani-buluu kinachofanya mikeka ya aina hiyo, na kuikuza peke yake, bila bakteria wanaoishi katika ute wake, haikuyavunja mafuta. Kazi ilikuwa ya wapangaji. Tena penye mikeka minene, mafuta ya chini yalizibwa yasipate hewa, na kwenye vinamasi vya chumvi vya pwani ile yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka 10 baadaye. Kijani cha juu kilikuwa kifuniko. Ndugu zetu walioko Oman na Emirates wanaoona mikeka kama hiyo juu ya mawe yenye lami wasidhani imekwisha; wachimbue kidogo kwa kijiti waone rangi ya chini.

Tutaambiwa yupo mwani unaokula mafuta kwelikweli. Yupo. Prototheca zopfii, jamaa wa Chlorella aliyepoteza kijani chake, aliripotiwa huko Marekani miaka ya 1970 kuwa anavunja mafuta ghafi. Lakini asiye na kijani hatoi oksijeni, na ukoo huo huo ndio unaowapa ng'ombe ugonjwa wa kiwele usiosikia dawa. Hatumshauri mtu amkaribishe karibu na zizi.

Sasa mtego wa mafuta, yaani shimo la vyumba ambamo maji hutulia ili mafuta yaelee na kukombwa, ambao makala yenu iliupita kwa sentensi moja na ndio nusu ya kazi yote. Mafuta huelea, hilo kila mtu analijua, ila hayaelei kwa kasi moja. Tone la dizeli lenye upana wa mikroni 150, kama sehemu ya saba ya milimita, hupanda mita 1 ya maji kwa dakika 7. Tone la mikroni 20 hutaka saa 7. Tone la mikroni 5 hutaka siku 4 na nusu. Kwa hiyo shimo la mtego halimalizi mafuta yote hata ulichimbe namna gani. Kazi yake ni kuondoa matone makubwa, ambayo kwa uzito ndiyo mengi. Kwa sehemu inayopitisha lita 500 kwa saa siku ya pilikapilika, mtego wa urefu wa mita 2, upana wa sentimita 75 na kina cha maji cha mita 1 unatosha. Unagawanywa vyumba vitatu: cha kwanza cha mchanga na tope, cha pili cha mafuta, cha tatu cha kutulia. Maji yapite kutoka chumba hadi chumba kwa chini, sentimita 40 kutoka sakafuni, si kwa juu ya ukuta. Bomba la kutokea ni la PVC la inchi 4 lenye tii, kiungo cha umbo la T, mguu wake ukishuka mpaka sentimita 30 juu ya sakafu na mdomo wa juu ukiachwa wazi ili bomba lisinyonye maji lenyewe. Mafundi wengi hutoboa tundu la kutokea pale juu, kama la tangi la maji ya mvua, na hapo fundi ameshajenga mtambo wa kupitisha mafuta na kubakiza maji.

Unajuaje muda wa kukomba umefika? Chukua ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, ushushe taratibu wima mpaka chini, ziba mdomo kwa dole gumba, kisha uinue. Utaona ndani yake oili, maji na tope, kila kimoja na unene wake. Oili ikifika sentimita 5, komba. Tope likifika sentimita 20, zoa. Oili hiyo iwekwe kwenye pipa lenye kifuniko na ipewe mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Tunajua nyingi huishia kupakwa kwenye mbao za kumwagia zege na nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa. Mchwa hukimbia kweli, lakini masika ya kwanza oili ile ile inarudi kwenye udongo na kisima.

Adui mkubwa wa mtego ni sabuni. Fundi anayeosha injini kwa mafuta ya taa kisha akamwaga sabuni ya unga na kupiga maji ya presha ameyasaga mafuta kuwa matone ya mikroni chache, na maji yanatoka meupe kama maziwa. Maji hayo yatapita mtego kana kwamba mtego haupo. Bora kusiwe na sabuni kabisa pale panapooshwa injini na vipuri: vipuri vioshwe ndani ya beseni kwa mafuta ya taa yanayotumika tena na tena, vifutwe kwa tambara, ndipo viguswe na maji. Kama maziwa yameshatokea, yakusanye kwenye tangi la pembeni na utumie shabu. Gramu 200 za shabu iliyosagwa na kuyeyushwa kwenye ndoo kwa kila lita 1,000 ni kiasi cha kuanzia. Jaribu kwanza kwenye chupa za lita moja kwa kipimo cha nusu, kamili na mara mbili, uone ipi inaganda vizuri. Koroga kwa nguvu dakika 1, kisha polepole dakika 10 hadi 15, uache saa 1. Mabonge yatazama au kuelea, na katikati utapata maji maangavu ya kawaida. Jambo moja husahaulika: shabu hukamata fosforasi pia. Ukipeleka maji hayo kwenye bwawa bila kuongeza fosforasi, mwani utadhoofika nawe utaulaumu mwani.

Baada ya mtego tunapendekeza sufi. Ndiyo, ile ya mito. Nyuzi zake zina tundu ndani na nta nje, hukataa maji na kukubali mafuta, na hubeba mafuta zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Kilo 2 zikibanwa kati ya vipande viwili vya wavu ndani ya pipa la lita 200, maji yakipanda kutoka chini kwenda juu, hunasa ule utando unaoponyoka mtegoni. Usiishindilie sana, maji yatatafuta upenyo ukutani na kuikwepa. Na hapa tena sabuni ni balaa: huiosha nta, sufi inalowa maji kama pamba na kazi imekwisha. Sufi iliyonyonya oili haikaushwi ikarudi kwenye godoro. Inafuata oili kwa yule mkusanyaji.

Ndipo bwawa. Hapa tunaomba msomaji achukue kalamu. Tuseme gereji inaosha magari 15 kwa siku, lita 130 kila gari, karibu lita 2,000. Tuseme mtego na sufi vimeshusha mafuta mpaka miligramu 50 kwa lita. Hizo ni gramu 100 kwa siku, zinazotaka gramu 350 za oksijeni. Bwawa lenye afya, kwa makadirio ya kiasi, huotesha gramu 10 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku, na kila gramu ya mwani huja na gramu 1.5 hivi za oksijeni. Mita za mraba 50 zitatoa gramu 750. Nusu tuihesabu imepotea, maana alasiri oksijeni hufurika na kuruka hewani, na usiku mwani wenyewe huvuta pumzi kama sisi. Zinabaki 375. Zinatosha, lakini hakuna akiba ya kujivunia, na sabuni, udongo wa matairi na jasho la viti navyo vinataka sehemu yake.

Sasa kijana wa gereji ateleze na galoni, lita 1 ya oili chafu imwagike moja kwa moja bwawani. Ni gramu 870 hivi, zinazotaka kilo 3 za oksijeni. Bwawa lile lile la mita 50 litahitaji siku 8 za kazi safi bila kupokea tone jingine, na hiyo ni kama oili ingeyeyuka vizuri majini, jambo ambalo haifanyi. Itakaa juu, nyeusi, ikizuia mwanga na hewa kwa pamoja, na ndani ya siku mbili tatu bwawa litakuwa kahawia. Ndiyo maana tunasema kumwaga mwani juu ya mtaro wenye oili ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kipo kipimo cha macho kinachosaidia. Wanaoruka na ndege kukagua Bahari ya Kaskazini hukadiria mafuta kwa rangi ya utando: rangi ya fedha ni unene wa mikroni 0.04 hadi 0.3, rangi za upinde wa mvua ni mikroni 0.3 hadi 5. Mikroni 1 juu ya mita ya mraba 1 ni mililita 1. Kwa hiyo bwawa la mita 50 lililofunikwa lote na upinde wa mvua lina kati ya mililita 15 na 250 za mafuta juu yake, na lenye rangi ya fedha tu lina mililita 2 hadi 15. Fedha, subiri kesho. Upinde wa mvua, funga valvu ya kuingilia na ulikombe kwa kamba ya sufi iliyovishwa wavu, ukiiburuta watu wawili kutoka pembe hadi pembe.

Bwawa lenyewe liwe na kina cha sentimita 40, mfano mita 5 kwa 10, la tofali au la turubai nene la plastiki, na kuta mbili fupi ndani yake zinazoyalazimisha maji yazunguke; zisipokuwepo maji hukata njia ya mkato kutoka mlangoni hadi kutokea, na zile siku 10 ambazo maji yanapaswa kukaa bwawani (lita 20,000 kwa lita 2,000 za siku) zinakuwa siku 2. Kina kisizidi nusu mita, kwa sababu maji ya kijani mazito huuzima mwanga mapema, na chini kutabaki giza na uvundo. Koroga asubuhi na mchana, dakika 10 kila mara, kwa kasia la ubao au pampu ndogo.

Mbegu hainunuliwi. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, ya Swaswa Dodoma, ya Mafisa Morogoro au ya Ruai nje ya Nairobi yanafanya kazi kwa ndoa hii hii ya mwani na bakteria, na mwani wake umeshazoea maji machafu na jua la hapa. Omba ruhusa, vaa glavu na buti, chota lita 200 za maji ya kijani kwenye bwawa la mwisho, si la kwanza. Bakteria nao usiwaagize ng'ambo: kilo 1 ya udongo wa juu kutoka pale pembeni ya gereji ambapo oili imedondoka miaka na miaka, iloweke kwenye ndoo ya lita 20 siku 2 ukiikoroga, ichuje kwa kitambaa, mimina. Wamo humo waliokulia kwenye oili. Jaza bwawa maji safi, weka mbegu, weka mbolea, na usiingize maji ya gereji mpaka rangi ikolee, kwa kawaida wiki 2 hadi 3. Baada ya hapo robo ya maji ya siku kwa wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, robo tatu wiki ya tatu, kisha yote.

Mbolea ni lazima, maana oili ina kaboni tele lakini naitrojeni na fosforasi karibu haina. Kwa bwawa la mfano wetu, gramu 90 za urea na gramu 30 za DAP, mbolea yenye fosforasi, kwa siku, zikiyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kunyunyizwa asubuhi. Aliye na maji ya choo yanayotoka kwenye tangi la maji machafu anaweza kupunguza urea. Asizidishe kwa kudhani anaharakisha: alasiri mwani hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, na katika nyuzi 30 pH ikifika 9 karibu nusu ya amonia iliyo majini huwa katika lile umbo linaloua mwani na kila kilichomo. Bwawa lililokufa saa tisa alasiri siku ya jua kali, likiwa halina oili juu, mara nyingi limeuawa na mkono wa ukarimu.

Kulikagua hakuhitaji maabara kila siku. Sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kijiti chenye alama za sentimita inatosha: ikipotea machoni kati ya sentimita 10 na 20, bwawa liko sawa, ikionekana mpaka 30, mwani umepungua, ikipotea kabla ya 8, umezidi, punguza kwa kuyatoa maji ya kijani kwenda kwenye tangi la kutulia. Nenda ukanuse alfajiri kabla ya jua, wakati oksijeni iko chini kabisa. Harufu ya udongo ni nzuri. Harufu ya yai viza ni ishara kwamba umelizidishia chakula, kwa hiyo funga maji ya kuingia siku 2 na ukoroge. Maji yakigeuka maangavu ghafla usifurahi: vijidudu vinavyorukaruka, ukubwa wa punje ya ulezi, vimeula mwani wote. Vitege kwa chandarua, kisha upande mbegu upya kutoka kwenye pipa la akiba lisilopokea oili kamwe. Bila pipa hilo utaanza wiki 3 upya kila mara.

Vitu viwili visifike bwawani hata kwa bahati mbaya: maji ya betri, kwa asidi na risasi yake, na petroli mbichi. Benzeni na tolueni zilizomo kwenye petroli huyeyuka majini kuliko sehemu nyingine za mafuta na hupenya kwenye chembe ya mwani. Petroli ikimwagika, maji yakae siku nzima kwenye chumba cha wazi chenye upepo, mbali na moto na mchomeleaji, ndipo yaendelee.

Mvua nayo ina hesabu yake. Uwanja wa zege wa mita za mraba 300 ukipata mvua ya milimita 50 hukusanya lita 15,000, mara kumi ya mtego mzima. Maji hayo hupita mtegoni kwa kasi na kuondoka na oili yote ya wiki. Kwa hiyo sehemu ya kuoshea iezekwe, na tuta la sentimita 10 lizunguke sakafu yake ili maji ya uwanjani yaende kwenye mtaro wake. Tumeona mipango mingi ya mitego, michache sana inayochora tuta hilo, ambalo ni mfuko mmoja au miwili ya saruji. Mbu nao: bwawa lenye nyasi pembeni na maji yaliyolala ni kitanda cha mbu wa matende. Fyeka kingo, koroga, na inapobidi tumia viuadudu vya kibiolojia vinavyotengenezwa Kibaha.

Maji yanayotoka yana rangi ya kijani, na kwa mfano wetu yanabeba karibu nusu kilo ya mwani mkavu kila siku. Ukiyamwaga mtoni hivyo hivyo, mwani utaoza huko na kula oksijeni ya samaki. Umehamisha tatizo kutoka gereji za mtaa wa Gerezani kwenda Mto Msimbazi. Yapitishe kwenye tangi lenye kivuli likae siku nzima, au uyatie shabu kidogo tena, kisha yapite kwenye chujio la mchanga mnene. Na hapa tunasisitiza kuliko kwingine kote: mwani huu si chakula cha kuku, wala cha sato, wala mbolea ya mchicha wa bondeni. Kuta za chembe zake hunasa zinki ya oili, risasi na shaba ya vyuma vinavyosuguana; hilo ni jema kwa maji na baya kwa sahani. Ukaushwe juu ya plastiki, ufungwe, uende pamoja na taka za oili. Maji yenyewe yanafaa kuoshea matairi na sakafu tena, kwa gari la kesho.

Asiye na mita 50 za nafasi, na wengi wa mjini hawana, asijenge bwawa la mapipa mawili ya kijani kwa ajili ya picha. Ajenge mtego, aweke sufi, apunguze maji kwa kuosha kwa ndoo badala ya mpira ulioachwa wazi, na alipie gari la majitaka. Hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya mafuta.

Kuhusu mwani kusafisha mafuta ya baharini, ambako makala ilimalizia: hapana. Meli ya Wakashio ilipopasuka Mauritius mwaka 2020 zilimwagika tani 1,000 hivi, na watu walishona maboya ya majani ya miwa kwa sababu kilichohitajika saa ile ni kuzuia na kuzoa. Wanaopendekeza mwani uwe kinga ya Chongoleani, Tanga, linakoishia bomba la kutoka Uganda, wakumbuke kwamba mafuta yale yana nta nyingi na ni lazima yasafirishwe yakiwa yamepashwa moto wa nyuzi 50 au zaidi ili yasigande. Yakigusa maji ya bahari huganda mabonge. Mabonge huzolewa kwa wavu na koleo.

Tunaloomba ni mawili. Gazeti lisahihishe ile habari ya unga, kabla watu hawajatoa fedha. Na maofisa wa mazingira wa manispaa, wanapokagua gereji yenye bwawa la kijani, waanze kwa kufunua mtego na kuuliza oili iliyokombwa mara ya mwisho ilichukuliwa na nani, lita ngapi, risiti iko wapi. Wakichukua sampuli, wachukue kwa chupa ya kioo ya lita 1, si ya plastiki, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki. Chupa isisuuzwe kwa maji yale yale, isijazwe mpaka kufurika, itiwe asidi mpaka pH iwe chini ya 2 na kuwekwa kwenye barafu, na maabara itumie chupa nzima pamoja na kuisuuza kwa kiyeyusho, si kumimina nusu. Majibu yakija chini ya miligramu 15 kwa lita, kiwango ambacho meli huruhusiwa kutoa baharini, huku mtego haujakombwa miezi mitatu, sampuli ndiyo ya kurudiwa.

Wasomaji wenu,
mafundi na wahandisi wa majitaka,
Dar es Salaam